Mgongo wa Om Puri

Barazani kwetu Kibokoni, Mombasa, mjadala wa waigizaji wa Kihindi hauishi. Wazee humtaja Dilip Kumar, watu wa makamo wana Amitabh Bachchan na hawataki kusikia lengine, vijana wana Shah Rukh na Salman wao. Mimi nikimtaja Om Puri baraza hunyamaza kidogo, kisha mmoja huuliza, "Yule mwenye makovu ya ndui usoni?" Ndiye huyo. Hapo tena kila mtu huanza kumkumbuka, ila kila mmoja humkumbuka mtu tofauti. Mmoja anamkumbuka polisi, mwengine kalasinga wa kuchekesha, mwengine yule maulana aliyemficha Salman Khan asikamatwe. Wamemuona miaka yote na hawajawahi kuwaunganisha watu hao wakawa mtu mmoja.

Na sura ile haikuwa ya kufichika. Ndui ilimpitia utotoni ikamwachia mashimo mashavuni. Pua pana, sauti nzito inayotoka tumboni. Mvishe kilemba, mvishe kofia ya polisi, mvishe kanzu, usoni ni yeye tu. Sinema za Bombay za enzi zile zilitaka stelingi mweupe, mashavu laini, nywele zimelala. Mwenye uso kama ule alingojewa na kazi moja, kuwa miongoni mwa majambazi wanaopigwa na stelingi dakika za mwisho. Yeye akacheza mkulima, mvuta riksho, mkaguzi wa polisi, bawabu, tajiri mlevi, dereva wa teksi, muuza samaki na chipsi, hata Jenerali Zia-ul-Haq wa Pakistan, na akaendelea hivyo kwa miaka arobaini. Uso ni ule ule. Kinachobadilika ni kuanzia shingoni kwenda chini.

Hilo ndilo ninalotaka kulieleza leo, kwa sababu nimesoma sifa nyingi za Om Puri tangu alipofariki Mumbai tarehe 6 Januari 2017, na karibu zote zinasifu sauti na macho. Sauti ilikuwa kubwa, sikatai. Lakini mimi naamini Om Puri aliigiza kwa mgongo. Waigizaji wengi wakitaka kukuonyesha huzuni husubiri kamera iwasogelee. Yeye mtazame kwa nyuma, anapokuwa anaondoka zake, na utajua huyu anafanya kazi gani, amelala vipi usiku, amekula au hajala.

Sisi wa Mombasa tuna sababu yetu wenyewe ya kumjua. Mwaka 1996 ilitoka The Ghost and the Darkness, ile ya simba wawili wa Tsavo waliokula vibarua wa reli mwaka 1898. Reli ile ilianzia hapa kwetu mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901. Waliletwa Wahindi zaidi ya 30,000 kuijenga, wengi wao Wapunjabi waliopandia meli Karachi, na yapata 2,500 walifia kazini, wengi kwa maradhi kuliko kwa simba. Filamu yenyewe haikupigwa Tsavo, ilipigwa Afrika Kusini. Simba wake wana manyoya ya shingo, ilhali simba wa kweli hawakuwa nayo. Ngozi zao zilijazwa na ziko katika makumbusho ya Field, Chicago, hadi leo. Yule mwindaji anayechezwa na Michael Douglas ni wa kubuni kabisa. Kwa hiyo mtu wa pwani akiitazama ana mengi ya kulalamikia.

Lakini yumo Abdullah, kiongozi wa vibarua, na Abdullah ni Om Puri. Hakupewa sehemu kubwa. Kazi yake katika hadithi ni kuwa mkaidi, yule Mhindi anayemsumbua Patterson, mhandisi wa Kizungu. Mwigizaji mwengine angeicheza kama ilivyoandikwa, akakunja ndita akapayuka. Om Puri anamfanya Abdullah asimame mbele ya Patterson kama mtu mwenye watu nyuma yake. Kidevu hakikuinuka, mikono haina papara, uzito wote uko kwenye visigino. Mara unahisi kwamba wale wengine waliobaki nyuma ya kamera, ambao filamu haikujali kuwapa majina, wana mtu wa kuwasemea. Nilipokuja kujua kwamba mwenyewe alikuwa Mpunjabi, mtoto wa mfanyakazi wa reli, sikushangaa.

Alizaliwa Ambala mwaka 1950 katika nyumba ya dhiki. Siku yenyewe haikuandikwa popote. Mama yake alikumbuka tu kwamba ilikuwa siku mbili baada ya sikukuu ya Dussehra, na alipokuwa mtu mzima akajichagulia 18 Oktoba. Alikuwa bado mtoto wa miaka sita au saba alipotiwa kazi ya kuosha vyombo kwenye kibanda cha chai, na mara nyengine akiokota makaa kando ya reli. Baadaye alifika Delhi, kwenye chuo cha taifa cha maigizo chini ya Ebrahim Alkazi, akiwa na Kiingereza cha kubabaisha na haya nyingi. Darasani alikuwa pamoja na Naseeruddin Shah, na wote wawili wakapitia pia chuo cha filamu cha Pune. Tangu hapo majina yao hayakutengana. Naseeruddin alikuwa mtoto wa watu waliosoma, na ukali wake uko kwenye akili. Unaiona fikra ikipita machoni mwake kabla hajasema neno. Om Puri yeye alikuwa na kile kibanda cha chai mwilini. Nawapenda wote wawili, lakini akitakiwa mtu wa kubeba gunia, najua nitamwita nani.

Nitakaa kidogo kwenye Sadgati, kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho. Ni filamu ya televisheni ya mwaka 1981 ya Satyajit Ray, kutoka hadithi ya mwandishi Premchand, isiyofika hata saa moja. Dukhi ni mchuna ngozi, mtu wa tabaka lile ambalo wengine hawakubali hata kuguswa nalo. Binti yake anataka kuposwa, na lazima Brahmini wa kijiji, kuhani wa tabaka la juu, aje aseme siku yenye heri ni ipi. Dukhi ametoka kuugua homa. Anakwenda tumbo tupu, na Brahmini kabla ya kukubali kuja anampa kazi: fagia hapa, beba hivi, halafu nenda nje ukapasue gogo lile.

Nimekulia mtaa ambako biriani ya harusi bado hupikwa uani kwa kuni, na kila harusi huwa na mtu wa kupasua. Namjua mtu anayepasua kuni. Pigo la kwanza huwa la kujaribu tu, kulijua gogo. Kisha hutafuta ufa, akaufuata huo huo asiuache. Miguu huipanua, pumzi huitoa pamoja na shoka, na katikati ya mapigo hupumzika akiwa ameuegemea mpini. Fundi wa kuni hapigi kwa hasira. Akishaanza kupiga kwa hasira ujue amechoka na hajijui kama amechoka.

Om Puri anafanya hayo yote, moja baada ya jengine, juani, mbele ya gogo lisilotaka kupasuka. Mapigo ya mwanzo ni ya mtu anayetaka kumaliza aende kwake. Anatafuta ufa, haupo. Mabega yanaanza kuja mbele. Baadaye mpini unamuinua yeye badala ya yeye kuuinua mpini. Halafu, mwishoni kabisa, inakuja ile hasira. Dukhi maisha yake yote hajawahi kumkasirikia Brahmini, hata mawazoni, kwa hiyo hasira yote anaimalizia kwenye gogo, na gogo linammaliza. Hapati sentensi hata moja ya kueleza hayo. Yuko na shoka tu, na Ray alijua kwamba inatosha akawacha kamera ikamwangalia. Anapoanguka, anaanguka kama kitu kizito kilichotupwa, bila ule ustadi wa waigizaji wa kufa vizuri. Kinachofuata, jinsi maiti ile inavyoondolewa na Brahmini asiyetaka kuigusa, sitakisimulia. Mtu akakione mwenyewe.

Miaka kumi na kitu baadaye alicheza kazi nyengine ya mwili, katika City of Joy ya mwaka 1992. Stelingi kwenye mabango ni Patrick Swayze, daktari wa Kimarekani aliyepotelewa na mwelekeo, na Om Puri ni Hasari Pal, mkulima wa Bihar anayehamia Calcutta na mkewe na watoto, akaishia kuvuta riksho kwa mikono. Kanda ya picha hii ilikuwako dukani kwa ami yangu karibu na Marikiti, na alasiri mahamali wa mikokoteni walikuwa wakija kupumzika pale kivulini, wakinywa maji na kutupia macho televisheni. Maneno ya Kiingereza hayakuwahusu. Nakumbuka mmoja wao, mtu mzima, jasho halijamkauka, alivyoacha kuongea ghafla pale Hasari anapokimbia na riksho.

"Huyu amevuta," akasema.

Ami akamwambia ni mwigizaji, mtu wa sinema.

"Amevuta. Tazama kiuno. Asiyejua huvuta kwa mikono."

Wakaanza kubishana wao kwa wao, kama hatua zake ni fupi mno au ni sawa kwa sababu riksho ni nyepesi kuliko mkokoteni, na vipi mtu hushika breki kwa kisigino pahali penye mteremko. Swayze alipotokea hakuna aliyeangalia. Sijasoma uhakiki wa filamu ulionifunza mengi kuliko mabishano yale, na tangu siku ile kila nikimtazama Om Puri huanza na kiuno.

Kuna watu watasema kwamba hivi ni kumpunguzia, kwamba nimemgeuza kuwa mwigizaji wa vibarua. Basi tuje kwenye ukimya. Mwaka 1980 Govind Nihalani alipiga filamu yake ya kwanza, Aakrosh, na humo Om Puri ni Lahanya Bhiku, mkulima wa kabila la msituni anayeshtakiwa kumuua mkewe. Wakili wake, ambaye ni Naseeruddin, anamuuliza, anambembeleza, anamfokea. Lahanya hajibu. Karibu filamu nzima hasemi neno. Wengi wakipewa ukimya huujaza. Hutikisa kichwa, humeza mate, hulengalenga machozi ili tujue wanahisi. Lahanya hakupi chochote. Anakaa kama mtu aliyekwisha kujua kwamba neno lolote atakalolitoa litatumiwa dhidi ya wale aliobakiwa nao. Anapopelekwa kwenye mazishi ya baba yake, na ule ukimya unapopasuka, yowe analolitoa si la mwigizaji mwenye sauti nzuri. Na sauti nzuri alikuwa nayo! Aliweza kuitumia. Hakuitumia.

Miaka mitatu baadaye, kwa mwongozaji yule yule, akavaa sare. Ardh Satya ndiyo iliyomletea tuzo ya taifa ya India ya mwigizaji bora kwa mara ya pili. Ya kwanza aliipata kwa Arohan ya Shyam Benegal. Hapa ni Anant Velankar, mkaguzi mdogo wa polisi wa Bombay, mwaminifu, mwenye baba aliyekuwa polisi vilevile, tena katili. Mabega yale yaliyopinda kwa Dukhi sasa yamenyooka kupita kiasi. Velankar anatembea kama mtu aliyefungwa ubao mgongoni, na kila siku kazini ubao unakazwa zaidi, huku wanasiasa na jambazi Rama Shetty wakimpokonya kila mtuhumiwa anayemkamata. Kuna pahali amekaa mkahawani na Jyotsna, msichana anayempenda, ambaye ni Smita Patil, na msichana anampa kitabu cha mashairi. Anaanza kusoma kwa sauti, nusu kwa mzaha, vile mwanamume anavyosoma mashairi mbele ya mwanamke. Kisha shairi linamkamata. Sauti inashuka, mzaha unakwisha, na unamuona mtu akisomewa habari zake mwenyewe na mtu asiyemjua. Hapo ndipo anaponishinda mimi niliyesema mambo yote yako mgongoni. Hapo ni sauti tupu.

Mwaka huo huo, 1983, alikuwa mlevi katika Jaane Bhi Do Yaaro. Nasema tena, mwaka huo huo. Ahuja ni mkandarasi tajiri, mwizi wa saruji na wa zabuni, na usiku mmoja akiwa chakari anakuta jeneza barabarani, lina maiti ndani, naye anadhani ni gari lililoharibika. Anashuka kumsaidia dereva mwenzake. Anaongea na maiti kwa adabu ya walevi, ile ya kusisitiza udugu, anamkagulia gurudumu, anamlaumu kidogo kwa kutojibu, mwisho anamfunga kamba na kumvuta. Tulipoitazama nyumbani mama yangu alicheka mpaka akaomba picha isimamishwe apumue. Lakini tazama anavyocheza: hayumbiyumbi. Walevi wa sinema huyumba. Ahuja anajitahidi kwa bidii zote kutembea sawasawa, kama mlevi halisi anayejua anatazamwa, na kicheko chote kinatoka kwenye ile bidii. Ni kazi tena, ukifikiri. Mtu yuko kazini, anavuta gari.

Aliendelea kupenda vichekesho maisha yake yote, na si vyote vilimfaa. Miaka ya tisini na baada ya elfu mbili alifanya sinema nyingi za kibiashara, na katika baadhi yake anapiga kelele tu kwa sababu muongozaji alitaka kelele. Mwaka 1982 alikuwa meneja wa Mithun Chakraborty katika Disco Dancer, ile iliyotikisa pwani nzima ya Afrika Mashariki, na hakuna mtu aliyetoka kwenye ile akizungumzia meneja. Sioni haja ya kumtetea. Alikuwa na nyumba ya kulisha, na sinema za maana hazikuwa zikilipa.

Lakini mpe dakika mbili nzuri uone. Katika Gandhi ya Richard Attenborough anatokea karibu na mwisho, Calcutta inaungua kwa vita vya Wahindu na Waislamu, Gandhi amelala kitandani kwa mfungo. Mtu mmoja anapenya kwenye kundi na kumtupia kipande cha mkate: kula. Amemuua mtoto wa Kiislamu, kwa sababu Waislamu walimuua wake. Haji kutubu, anakuja kama mtu anayeleta deni. Filamu ile ni ya zaidi ya saa tatu, ina maelfu ya watu, ina mazishi makubwa ajabu, na mtu huyu ambaye jina lake halitajwi vizuri ndiye niliyebaki naye usiku kucha.

Au chukua Mirch Masala ya Ketan Mehta, iliyotoka mwaka 1987. Abu Mian ni bawabu mzee wa kiwanda cha pilipili. Mwanamke, Smita Patil tena, anamkimbia afisa mwenye jeshi dogo na uchu mkubwa, anaingia kiwandani, na Abu Mian anafunga lango. Kijiji kizima kinamwambia afungue, hafungui. Om Puri wakati huo hajafika hata arobaini. Ndevu nyeupe mtu yeyote anaweza kubandikwa. Uzee wake uko kwenye namna anavyoinuka kutoka chini, kwanza mkono, halafu goti, halafu kituo, halafu mengine. Wazee wa msikitini kwetu huinuka hivyo hivyo baada ya rakaa ya mwisho.

Nimewacha George Khan kwa sababu ndiye mgumu. East Is East ni ya mwaka 1999, hadithi iko Salford, Uingereza, mwaka 1971. George ametoka Pakistan zamani, ameoa Mwingereza, Ella, ana duka la samaki na chipsi na nyumba iliyojaa watoto wasiojiona Wapakistani hata kidogo. Yeye anataka wawe. Anawatafutia wachumba kisirisiri, anawapeleka madrasa, na wakimkatalia anapiga, mtoto na mke. Nchini Uingereza watu walicheka sana na filamu ile, na kweli inachekesha. Om Puri aliteuliwa kuwania tuzo ya BAFTA ya mwigizaji bora, mtoto yule wa kibanda cha chai, na kwa Kiingereza ambacho hapo zamani kilimtia haya.

Mimi nilicheka nusu saa ya kwanza. Halafu nikaacha, kwa sababu nilimjua George. Nadhani nyumba nyingi za Mji wa Kale zinamjua: baba aliyetoka kwengine, au aliyebeba kwengine alikopewa na baba yake, anayeogopa kwamba akifa hakutakuwa na chochote cha kuonyesha kuwa aliwahi kupita. Om Puri hamsamehi. Pale dukani anapompiga Ella hakuna muziki wala kisingizio, na mwili ule mzito ambao dakika kumi kabla ulikuwa wa kuchekesha unakuwa wa kutisha bila kubadilisha chochote. Wala hamfanyi shetani. Kila akiulizwa kama atakunywa chai husema atakunywa nusu kikombe. Mke anajua, anamtilia nusu. Katika nusu ile ya chai umo unyumba wa miaka yote, na ndiyo maana pigo likija linauma zaidi. Kwa mtu mwenye kipaji kidogo George angekuwa ama mzee wa vituko ama mnyama, na sote tungelala salama tukijua sisi si yeye.

Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amecheza upande wa pili wa sarafu hiyo hiyo. Katika My Son the Fanatic, hadithi ya Hanif Kureishi, ni Parvez, dereva wa teksi wa Bradford, anayependa jazi na wiski, na ni mwanawe ndiye anayegeuka kuwa mkali wa dini na kumhukumu baba. Mombasa tunaijua habari hiyo kwa machungu yetu, sitaiingia hapa. Ninachotaka ulinganishe ni jinsi watu hao wawili wanavyokaa. George hukaa amejaa kwenye kiti, kiti chake, nyumba yake. Parvez hukaa ukingoni hata akiwa kwake, kama dereva anayengoja kuitwa. Teksi imemganda mwilini. Anapata raha pahali pamoja tu, kule chini anakofungulia santuri zake, na hapo ndipo mabega yanaposhuka.

Vijana wa leo wengi watamkuta kwenye Maqbool ya Vishal Bhardwaj, ya mwaka 2003, ambako yeye na Naseeruddin ni polisi wawili wala rushwa wanaochora nyota na kutabiri nani atamuua nani, badala ya wale wachawi watatu wa Macbeth, tamthilia ya Shakespeare iliyozaa picha hii. Marafiki wa zaidi ya miaka thelathini wamewekwa pamoja, wakilishana sentensi bila hata kuangaliana. Irrfan Khan ndiye stelingi wa picha ile, naye ni hodari kweli kweli, lakini nina hakika hao wawili walifurahi kuliko mtu yeyote aliyekuwapo pale.

Kama kuna unayotaka kuitazama baada ya Sadgati, ichukue Tamas. Nihalani aliitengeneza kwa ajili ya televisheni, ikaonyeshwa mwaka 1988. Ni ndefu, yapata saa tano, na inahusu machafuko ya wakati India inagawanywa. Humo Om Puri ni Nathu, naye vilevile ni mchuna ngozi wa tabaka la chini, tabaka la Dukhi, kazi ya Dukhi, umaskini ule ule. Anapewa rupia tano amuue nguruwe, haambiwi wa nini, na asubuhi mzoga unaonekana kwenye ngazi za msikiti. Mji unawaka. Kama mwigizaji angekuwa na mchuna ngozi mmoja tu mwilini mwake, hapa ndipo tungemkamata. Lakini Dukhi hajui kama amedhulumiwa, kwa hiyo hutembea akiangalia chini, mbele ya miguu yake, kama mtu anayehesabu kazi iliyobaki. Nathu anajua alichokifanya, na tangu saa ile anayojua hatembei tena katikati ya njia. Anapita ukutani, bega moja mbele, shingo tayari kugeuka, na hata akiwa kwake na mkewe mlango umefungwa, mgongo wake unausikiliza mlango.